Mbuzi wa Bukene na Digrii ya Kulwa

Mliponiaga pale ofisini kwa soda, keki na saa ya ukutani (asanteni, ingawa bado sijaelewa kwa nini mtu aliyeacha kazi apewe saa), mmoja wenu aliniuliza, "Mama, miaka yote hiyo umewauliza watu elimu yao na mishahara yao. Hebu tuambie, digrii inalipa au hailipi?" Nilikuwa na keki mdomoni, nikaponea hapo. Sasa nimeshaimeza. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Isevya, nina daftari na nina muda, nami nitawajibu kwa njia niliyoizoea, yaani polepole na kuanzia mwanzo.

Kwa msomaji asiyetujua: sisi ni wadadisi. Tunawatembelea watu na karatasi ya maswali, tunayoiita dodoso, tunauliza, tunaandika wanachosema. Utafiti wetu ulikuwa wa kufuatilia. Watu wale wale waliomaliza kidato cha sita upande huu wa Tabora, kila mwaka tunarudi kwao kuwauliza wanafanya kazi gani na wanapata nini. Wengine walikwenda chuo kikuu, wengine hawakwenda, na wakubwa wa utafiti walitaka kuijua tofauti yao. Watu wa huku hawakushangaa sana. Tangu enzi za misafara wamezoea wapita njia wanaowauliza watokako na walichobeba. Mimi nilichoongeza ni penseli tu.

Siku ya kwanza kazini sikupewa dodoso. Nilipewa kiti. Msimamizi wetu, Mzee Mlekwa, aliketi mbele yangu, akavaa miwani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi nauza karanga stesheni. Kwa siku napata milioni mia."

Nikacheka.

"Nje," akasema.

Nikatoka, nikapiga hodi, nikarudi.

"Mimi ni profesa. Kwa mwezi nalipwa kuku mmoja, tena wa kuazima."

Nikauma mdomo, nikaandika: kuku, mmoja.

"Mdomo sawa. Nyusi zimesogea. Nje."

Tulikwenda hivyo mpaka mchana. Mpishi wa ofisi alidhani nimefukuzwa kazi mara kumi na nne. Mwishowe Mzee Mlekwa alinihurumia, akanieleza. "Binti yangu, mhojiwa haangalii kalamu yako, anaangalia nyusi zako. Zikipanda, ataona amekuambia kingi, mwaka kesho atapunguza. Zikishuka, ataona haya, mwaka kesho ataongeza. Nyusi za mdadisi zikae kama zimechorwa."

Alinifundisha na mengine mawili. La kwanza, anachokuambia mhojiwa hakitoki kwako, hata kwa baba yake, hata kwa mkewe, hata ukishikiwa mwiko. La pili, ukipata jibu zuri sana, uliza tena. "Jibu zuri sana," alisema, "ni kama nyama ya bure. Kabla hujala, ujue imetoka wapi." Nyusi nilizimudu. Siri niliitunza. Kwenye hilo la kuuliza tena ndipo nilipoteleza, na mtaona jinsi lilivyonigharimu.

Vifaa vyangu vilikuwa ubao wa kuandikia wenye kibanio kilichoshika kutu, mfuko wa plastiki wa kufunikia madodoso mvua ikinyesha, kifutio, na penseli iliyofungwa kwenye ubao kwa uzi. Msiucheke ule uzi. Sijawahi kuingia katika nyumba ambayo haina mtu anayetafuta penseli. Siku hizi mna vishikwambi, hongereni, lakini mimi nimeshuhudia kishikwambi kikigoma kuwaka kwa sababu ya jua la Sikonge, na mdadisi akiandika majibu kwenye mkono wake mpaka kwenye kiwiko.

Huko Sikonge, kwenye njia za vumbi ambazo nilikuwa nikizipita kwa baiskeli, ndiko nilikopata somo langu la kwanza kuhusu swali lenu. Nilikuwa na wahojiwa wawili wenye shahada ya aina moja, kutoka darasa moja. Mmoja alikuwa analipwa vizuri hata nikahitaji kufikiria msiba ili nyusi zitulie. Mwingine alikuwa amerudi kurina asali ya baba yake. Nilimwuliza huyo wa asali anadhani tofauti imetoka wapi. Akanionyesha mizinga miwili juu ya miti.

"Mama Dodoso," akasema, maana hilo ndilo jina walilonipa, "mizinga hii nimeichonga mimi siku moja, gogo moja. Ule umejaa. Huu mwaka wa tatu una buibui. Nyuki hawaangalii mzinga peke yake. Wanaangalia maua, maji, kivuli, na nani jirani."

Nikaandika kazi: mrina asali. Kwenye dodoso hakukuwa na kipengele cha hekima.

Sasa twende Bukene.

Bukene ni stesheni kwenye reli ya Mwanza, na si mbali na stesheni palikuwa nyumbani kwa Mzee Nkwabi, mkulima wa mpunga, mvuta ugoro, mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe hata anapoomba chumvi. Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyeona kila kitu. Walikuwa na mapacha wa kiume, Kulwa na Doto, kama kawaida ya kwetu, na baada yao binti, naye kama kawaida ya kwetu anayefuata mapacha, aliitwa Shija.

Mapacha hao walifanana mpaka jirani aliwahi kumlipa Kulwa deni la Doto na kumtukana Doto kwa kosa la Kulwa, siku hiyo hiyo. Kidato cha sita walipata alama zilizolingana. Wote wawili walipata nafasi chuo. Uwezo wa kusomesha ulikuwa wa mmoja.

Nilipofika mara ya kwanza, Kulwa alikuwa ameshaanza chuo, anasomea upimaji wa ardhi. Nikamhoji Doto. Nikafika swali la sababu ya kutoendelea na masomo.

"Nilikataliwa na mbuzi," akasema.

Nyusi zangu hazikusogea. Nikatafuta kipengele. Ada, ugonjwa, ndoa, umbali. Mbuzi hakuwemo. Nikaandika kwenye "Nyinginezo, taja".

Mzee Nkwabi akanieleza kwa fahari. Alishindwa kuchagua kati ya wanawe, na hakutaka mmoja aje kumlaumu. Basi aliwasimamisha uani, kila mmoja na chumvi kiganjani, akamfungulia mbuzi. Mwenye mkono utakaolambwa ndiye angekwenda chuo. Mbuzi alikwenda kwanza kwa Doto, akanusa, akapiga chafya kubwa, akarudi nyuma, akaenda kulamba mkono wa Kulwa mpaka ukang'aa.

"Mwenyewe nimeona kwa macho yangu," Mzee akasema. "Mbuzi hana upendeleo."

Ofisini jibu hilo lilipokewa kama harusi. Mtafiti mkuu alisimama, akaketi, akasimama tena. Akatueleza kwamba tatizo la kulinganisha wenye digrii na wasio nayo ni kuwa huenda walikuwa tofauti tangu mwanzo. Lakini hapa tuna watu wawili sawa kwa damu, sawa kwa alama, na kilichowatenga ni bahati tupu. "Mbuzi huyu," alisema, "amefanya kazi ambayo sisi hatuwezi kuifanya."

Mzee Mlekwa aliniita pembeni. "Uliuliza mara ya pili?"

"Mzee, jibu lenyewe lilikuwa zuri mno."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Miaka ikaenda. Doto alianza kwa kubeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kisha akawa fundi wake, kisha akanunua ya kwake. Kulwa alihitimu, akapigwa picha na joho, akarudi nyumbani, akakaa bila kazi. Mwaka mmoja alifanya kazi ya karani kwenye mashine ya Doto, na katika dodoso nikalazimika kuandika mwajiri wa mwenye shahada: aliyekataliwa na mbuzi. Baadaye Kulwa alipata kazi ya upimaji Tabora mjini. Walichopata kila mmoja hamtakijua kutoka kwangu. Ninaweza kusema tu kwamba kila mwaka nilikuwa nikifuta nilichodhani mwaka uliopita.

Mzee Nkwabi hakuhitaji dodoso. Yeye alipima kwa Krismasi. Mwaka mmoja Doto alileta dume la ng'ombe. Kulwa alileta kalenda tatu za ofisi, zenye picha za milima. Mzee alizitundika zote tatu sebuleni, zikiwa zimefunguliwa miezi tofauti ili picha zisirudiane. Ukiuliza leo tarehe ngapi, nyumba ile ilikuwa na majibu matatu.

Tuje kwa Shija. Huyu alikuwa mtoto anayesoma karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa mpaka mwisho, hata ya dawa ya kuku. Majirani walimletea dawa zao awasomee. Kikongwe mmoja aliacha kumeza vidonge vinne kwa mpigo kwa sababu ya Shija. Alimaliza kidato cha sita vizuri, akapata nafasi ya kusomea ufamasia. Mkopo ungemlipia sehemu, iliyobaki ilikuwa mikononi mwa baba yake, na baba alikuwa amekataa.

Mimi niliingia uani bila kujua lolote, ubao mkononi, kwa ziara yangu ya mwaka. Zilikuwa zimebaki siku tatu Shija athibitishe nafasi. Kulwa alikuwa amekuja kutoka mjini kumtetea mdogo wake, Doto alikuwapo, na Shija ameketi kwenye kinu kilicholazwa, macho mekundu.

"Mwangaluka," nikasema, kwa salamu ya huku kwetu. "Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Mama Dodoso! Mungu amekuleta. Keti. Wewe una majibu yote ya wanangu. Waambie hapa, nani anapata zaidi, mwenye digrii au mwenye mashine?"

"Mzee, hilo siruhusiwi."

"Mimi ni baba yao!"

"Hata baba."

"Basi sema kwa watu wote, kwa ujumla."

"Kwa wastani, Mzee, wenye digrii hupata zaidi."

"Mwongo!" Akamwonyesha Kulwa kidole. "Mwenye digrii huyu hapa. Ameleta kalenda!"

"Baba, kalenda zenyewe umezitundika," Kulwa akasema.

"Nimezitundika kwa huruma!"

Hapo ndugu zangu nilifanya nilichozoea kufanya. Nilieleza. Nikamwomba Mama Kulwa viatu vya kila mtu nyumbani, nikavipanga mstari. Katambuga za Mzee, namba kumi. Viatu vya mapacha, tisa na tisa. Kandambili za Mama Kulwa, tano. Za Shija, nne.

"Nikijumlisha namba zote nikagawanya kwa watu watano, napata saba na ushee," nikasema. "Hapa nani anavaa saba?"

Wakatazamana. Hakuna.

"Lakini saba si uongo. Inamsaidia mwenye duka ajue alete viatu vya ukubwa gani. Haimsaidii mtu mmoja anayetaka kutembea. Digrii ni hivyo hivyo. Mmoja inamwinua, mwingine inamsogeza kidogo, mwingine inamchelewesha. Lazima uulize mguu ni wa nani na njia ni ipi."

Nilijipongeza moyoni. Mzee Nkwabi akainama, akachukua kiatu cha Kulwa na kiatu cha Doto, akavibandika soli kwa soli.

"Hawa wanavaa namba moja," akasema. "Mguu mmoja, kichwa kimoja, mimba moja. Mbuzi aliwatenga, hakuna aliyependelewa. Mmoja ana digrii na kalenda. Mwingine hana digrii na ana mashine. Umenisaidia sana, Mama Dodoso. Shija haendi."

Shija akafunika uso kwa kanga. Mimi nilitamani kurudi stesheni, hata kwa miguu mitupu.

"Baba!" Kulwa akasema. "Siyo haki!"

"Haki ipo." Mzee alisimama. "Asije kusema nilimnyima kwa kuwa ni msichana. Atapata haki ile ile waliyoipata kaka zake. Doto, leta mbuzi."

Huyo mbuzi alikuwa mjukuu wa yule wa kwanza, na alikuwa na sura ya mtu anayejua ametoka ukoo gani. Mzee akatoa amri: Shija ashike chumvi mikono yote miwili. Wa kulia ni chuo, wa kushoto ni nyumbani. Shija aliingia jikoni, akakaa humo kidogo, akatoka amefumba mikono. Doto alikuwa ameshika kamba ya mbuzi. Alimtazama dada yake, akamtazama mbuzi, kisha akaizungusha kamba mkononi mara mbili na kutia miguu ardhini.

"Mwachie," Mzee akasema.

"Simwachii."

"Doto!"

"Baba, yule mbuzi hakunikataa. Nilipaka ugoro."

Hata kuku waliacha kudonoa.

"Ugoro?" Kulwa akauliza.

"Chini ya chumvi. Sikutaka kwenda chuo. Kukaa darasani kulikuwa kunaniumiza mgongo na roho. Nilikuwa naisikia mashine ya kukoboa kutoka shuleni, nikawa nahesabu imekwama mara ngapi na kwa nini. Nikimwambia Baba sitaki, angenipiga. Nikaona bora mbuzi anikatae."

Mzee Nkwabi alikuwa anafungua na kufumba mdomo. Kila mtu alingoja hukumu.

"Ugoro wa nani?" akauliza.

"Wa kwako, Baba."

"Ule uliopotea? Niliomsingizia shemeji yangu?"

"Ule."

"Mimi nilijua," Mama Kulwa akasema, akiendelea kupepeta mchele. "Shati la Doto lilinifanya nipige chafya siku mbili."

Kulwa alikuwa bado amesimama palepale. "Doto, miaka yote hii nimekuwa nakuonea huruma. Kila nikifaulu mtihani nasema, hii ilikuwa ya ndugu yangu."

"Na mimi nilikuwa nakuonea huruma wewe," Doto akasema. "Kila mashine ikiwaka nasema, maskini Kulwa yupo darasani."

Wakaangua kicheko, kile cha mapacha, kinachoanza na kuishia pamoja. Mimi sikucheka. Nilikuwa naliona jibu langu la "Nyinginezo, taja" likibomoka, na utafiti wa mtafiti mkuu pamoja nalo. Haikuwa bahati hata kidogo. Doto alijijua, akajichagulia. Aliyebaki alibaki kwa sababu kubaki kulimfaa, na aliyekwenda alikuwa anapenda kwenda. Ukiwalinganisha hao wawili, unajua digrii ilimfanyia nini Kulwa na mashine ilimfanyia nini Doto. Juu ya Shija hujui kitu.

Nikamwambia Mzee hivyo, kwa maneno hayo hayo, polepole. "Mashine haimwulizi Doto cheti. Dirisha la ufamasia litamwuliza Shija. Bila digrii hilo halifunguki, hata awe amesoma karatasi za dawa zote za Bukene."

Mzee akamgeukia binti yake. "Shija. Fungua mikono."

Shija akafungua wa kulia. Chumvi nyeupe, safi. Akafungua wa kushoto. Chumvi, na chini yake vumbi la kahawia.

Mzee akajipapasa mfukoni, hakukuta kitu, akaingia jikoni, akatoka na kopo lake la ugoro, akalitikisa. Halikulia kitu.

"Kumbe," akasema, "nyumba hii inatawaliwa na kopo langu."

Aliwatazama wote watatu, na niliona anataka kukubali ila hajui apitie wapi. Mzazi aliyekataa kwa sauti ile hawezi kukubali hivi hivi mbele ya mgeni. Ndipo tukasikia karatasi ikichanika sebuleni. Katika kicheko kile Doto aliachia kamba, na mbuzi alikuwa ameingia ndani, akaivuta chini kalenda moja. Tulipofika, alikuwa anatafuna kwa utulivu.

Mzee akamnyang'anya kilichobaki. Akakigeuza, akakisogeza karibu na macho. Januari ilikuwapo, Februari, hadi Septemba. Kuanzia Oktoba hapakuwa na kitu.

"Chuo kinafunguliwa lini?" akauliza.

"Oktoba, Baba," Shija akasema kwa sauti ndogo.

"Basi." Mzee akainua kalenda juu, watu wote waione. "Mbuzi ameshasema. Kuanzia Oktoba hakuna siku za Shija hapa nyumbani. Mimi ni nani nibishane na mbuzi?"

Niliporudi ofisini nilifuta "alikataliwa na mbuzi", nikaandika "hakutaka". Mzee Mlekwa wakati huo alikuwa ameshastaafu. Nilipita kwake nikamweleza. Alicheka hadi akavua miwani, kisha akaniambia nitoke nje, nipige hodi, nirudi nimhadithie tena.

Sasa swali lenu. Msiwaambie watu kwamba digrii inalipa, wala kwamba hailipi. Mkiulizwa na mwenye duka, mpeni wastani. Mkiulizwa na mtu anayetaka kutembea, mwulizeni mguu na njia. Na mtu akisema mbuzi alimkataa, mwulizeni alipaka nini.

Mhojiwa wangu wa mwisho, wiki moja kabla ya keki yenu, alikuwa Shija, ambaye naye aliingizwa kwenye utafiti baada ya kaka zake. Nilimkuta dirishani kwake hapa Tabora mjini, amevaa koti jeupe, anamsomea mama mmoja karatasi ya ndani ya boksi, mpaka mwisho, na foleni nzima inanung'unika. Aliponiona alitoka, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo Mama Dodoso."

"Marahaba mwanangu. Kwa nini uliendelea na masomo?"

"Si unajua, mama! Mbuzi alikula kalenda."

Lilikuwa jibu zuri sana. Nikauliza tena.

Akauachia mkono wangu. "Nilitaka," akasema.

Nikaandika. Kisha nikamwuliza mshahara, naye akaniambia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya karanga na kuku wa kuazima, nyusi zangu zilisogea. Kama zilipanda au zilishuka, msiniulize. Hiyo ni siri ya mhojiwa.